Mguu Chini ya Meza

Habari za msiba zilimfikia Sumu akiwa kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu, mahali pabaya kuliko pote pa kupokelea habari kama ile. Redio ndogo iliyoning'inia kwenye msumari ndiyo iliyosema: mtangazaji mkongwe wa mieleka, aliyejulikana na wengi kwa jina la Mzee Haki, amefariki dunia asubuhi hii nyumbani kwake baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wembe ukasimama hewani. Watu waliokaa kwenye benchi wakageuka wote kwa pamoja, na wala hawakuitazama redio, walimtazama yeye.

"Haya, Mzee Sumu," kinyozi akasema. "Adui yako huyo kaenda. Umefurahi?"

Na hapo, kabla akili haijafika, ulimi ulikuwa umeshafika. "Afadhali," Sumu akajibu kwa ile sauti yake ya puani. "Masikio yangu sasa yatapumzika."

Benchi zima likalipuka. Mmoja akajipiga kofi la paja, mwingine akamzomea kwa mapenzi, uuuu, kama enzi zile za ukumbini. Kinyozi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo ya wateja, kisha akaendelea kunyoa huku akitikisa kichwa: ah, huyu mzee, huyu mzee hana hata haya! Alipomalizwa, Sumu alilipa. Akatembea hadi nyumbani kwa dada yake alikokuwa akiishi, akaingia bafuni, akafungua bomba maji yamwagike kwa kelele, akalia.

Hebu nikueleze vizuri, maana jambo hili watu wanalijua nusunusu, na nusu wanayoijua ndiyo ya uongo.

Enzi zile, kila Jumamosi jioni, katika ukumbi mmoja uliokuwa karibu na maghala, kulikuwa na mieleka, na redio ilikuwa ikiitangaza moja kwa moja. Kando ya ulingo iliwekwa meza yenye kitambaa chekundu kilichoshuka mpaka sakafuni. Nyuma ya meza walikaa wanaume wawili. Mmoja aliwatetea wanamieleka wazuri, wale waungwana, wanaosalimia watoto kabla ya kupigana. Mwingine aliwatetea wahuni. Mhuni akimpaka mwenzake pilipili machoni, na refa wakati huohuo ameinama kufunga kamba za viatu (marefa wa mieleka viatu vyao havikuwahi kufungika, sijui kwa nini), yule wa kwanza alikuwa akipasua koo: "Haki iko wapi, jamani? Haki iko wapi?" Na yule wa pili alikuwa akimjibu taratibu, kama mtu anayechokonoa meno: "Haki imekwenda msalani. Ikirudi tutakuita."

Watu walikuwa wakivunjika mbavu, na walikuwa wakichukia kwelikweli. Ndiyo maana mmoja akaitwa Haki na mwingine akaitwa Sumu, na majina waliyopewa na wazazi wao yakasahaulika hata na jirani zao.

Kwamba mieleka ile ilipangwa, hilo hata watoto walilinong'ona. Lakini kwamba uadui wa watangazaji nao ulipangwa, hilo halikumpitikia mtu. Nakwambia halikumpitikia hata mmoja! Mwenye ukumbi alikuwa na sheria moja: mzuri na mbaya wasionekane pamoja nje ya ulingo. Wasipande gari moja, wasile meza moja, wasisalimiane sokoni. Watangazaji vilevile. Mtu akikuona unacheka na unayemtukana, alikuwa akisema mwenye ukumbi, Jumamosi ijayo hatakuja.

Sasa kazi yenyewe ilifanywa kwa miguu. Watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja redioni, itakuwa kelele tupu, na kuashiriana kwa mikono hawakuweza, maana mashabiki wa mstari wa mbele walikuwa wakiwakodolea macho. Basi chini ya kile kitambaa chekundu, kiatu cha Haki kilikaa juu ya kiatu cha Sumu. Akikikandamiza pole pole, maana yake nyamaza kwanza, niache niimbe. Akikigonga mara mbili haraka haraka, maana yake ingia sasa, nipige. Na Haki alikuwa fundi wa jambo hilo. Alijua hasa ni wakati gani ukumbi unampenda kiasi kwamba akitukanwa pale, utampenda mara mbili. Mbili za haraka, na Sumu anaingia: "Hebu mtazameni, analia kama kuku aliyenyonyolewa." Ukumbi unawaka moto.

Jumapili mchana walikutana jikoni kwa Haki. Watoto walikuwa wakipelekwa kwa bibi yao, kwa sababu mtoto akiona, kesho shule nzima imejua. Sumu alikuwa akipita mlango wa nyuma. Mke wa Haki, ambaye Sumu alimwita shemeji tangu siku ya kwanza, alimmiminia chai katika kikombe cha bluu kilichovunjika mkono. Hapo ndipo yalipotungwa matusi ya wiki nzima.

"Ile ya kuku aliyenyonyolewa ilikuwa nzuri," Haki alikuwa akisema. "Irudie. Wameipenda."

"Shemeji, umemsikia mumeo? Anataka atukanwe."

"Mtukane tu, shemeji," mke alikuwa akijibu huku akisukuma sahani. "Hata mimi nyumbani hanisikii."

Walikuwa wakicheka mpaka wanashika meza. Watu wale walipendana. Nasema wazi, kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema.

Lakini nje ya jiko lile, mambo yaligawanyika vibaya. Haki akipanda basi, watu walisimama kumpisha. Sumu akipanda, walitanua magoti ili asikae. Muuza maziwa wa mtaani alikataa kumuuzia. Dirisha lake lilivunjwa kwa jiwe, likatengenezwa, likavunjwa tena. Mkewe alitemewa mate sokoni kwa kosa la kuolewa. Na mke huyo alipofariki angali kijana, Sumu alimzika akiwa na dada yake na majirani wachache waliokuja kwa aibu. Haki hakuweza kuingia makaburini. Ila alisimamisha gari lake barabarani, mbele ya lango, akashuka, akatoa jeki, akaanza kubadilisha gurudumu lisilokuwa na tundu. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena, juani, mikono imejaa grisi, mpaka kaburi likafukiwa. Hawakutazamana. Sumu aliliona lile gurudumu na akaelewa kila kitu, na tangu siku ile hakuna ambacho asingemfanyia mtu yule.

Ukumbi ukafungwa, mwenye ukumbi akafa, na Sumu akadhani sasa basi, wamekuwa huru. Alimwambia mwenzake: twende redioni, tukae pamoja, tucheke, tuwaambie. Haki akakataa katakata.

"Tukisema leo, tutakuwa tumewadanganya maisha yao yote," alisema. "Waache wafe wakituamini."

"Wewe ni rahisi kusema. Wewe unapishwa kiti."

"Na wewe unazomewa kwa sababu ulikuwa bora kuliko mimi. Vumilia kidogo."

Kidogo hicho ndicho kilichokuwa uzee wake wote. Shemeji akafariki, Jumapili za jikoni zikafa naye, wakabaki kuongea kwa simu. Halafu Haki akaugua, kauli ikawa nzito, na simu ikashikwa na mwanawe wa kiume. Huyu wa kiume ndiye mkubwa. Utotoni aling'olewa jino la mbele akipigana na mtoto aliyemwita baba yake kuku aliyenyonyolewa, na pengo lile amelibeba mpaka leo. Sumu akipiga, simu ilikatwa bila neno. Angemwambia nini? Kwamba tusi lililomng'oa jino lilipikwa jikoni kwa mama yake, juu ya chai?

Siku ya pili ya msiba simu ya Sumu ililia. Alikuwa binti wa marehemu, yule mdogo, mwalimu wa chekechea, aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho.

"Mzee, shikamoo. Kaka hataki uje."

"Marahaba, mwanangu. Najua."

"Mimi nataka uje. Kutakuwa na kipaza sauti pale makaburini. Nitakupa nafasi useme. Kuna jambo nataka kulisikia kutoka kinywani mwako mwenyewe."

Hakusema ni jambo gani. Simu ikakatika. Dada yake, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kumwogopa mtu, alikuwa akipiga pasi koti la kaka yake huku akiongea na koti lenyewe.

"Sasa nenda ukaseme," alisema. "Nimechoka kuishi na mtu anayezomewa. Nimechoka kuambiwa sokoni, wewe dada yake Sumu, tutakuuzia nyanya zilizooza. Kaseme ukweli, basi."

"Nitasema, dada. Neno moja tu. Huyu alikuwa rafiki yangu. Nikishalisema, potelea mbali, wanizomee mpaka wapasuke."

"Lirudie nilisikie."

"Huyu alikuwa rafiki yangu."

"Usiliseme kwa pua."

Akalirudia mara nyingi, kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo watu wa nje hawakuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye haya. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka kabla hajafa yeye pia: alitamke mbele ya watu, lisikike, likae.

Makaburini watu walikuwa wengi kuliko walivyotegemewa. Mashabiki wa zamani walikuja na fulana zilizofifia, wengine na wajukuu. Spika mbili zilikuwa zimefungwa kwenye mti. Langoni alisimama mtoto wa kiume wa marehemu, suti nyeusi, mikono kifuani, na kando yake kinyozi, aliyejifanya kiongozi wa mashabiki kwa vile tu alikuwa na simu kubwa.

"Mzee, hapa hapana nafasi yako," mtoto akasema. Lile pengo lilionekana.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Baba mwenyewe alisema usije. Unadhani naongopa? Mwonyesheni."

Kinyozi akatoa simu upesi, kama mtu aliyekuwa akisubiri aombwe. Mashabiki walikwenda kumtembelea Haki miezi michache kabla hajafa na wakamrekodi. Sumu akavaa miwani. Akamwona rafiki yake kitandani, amekonda, mdomo umekwenda upande, blanketi la kijivu mpaka kifuani. Sauti ya mtu asiyeonekana ikauliza kwa kicheko: "Mzee Haki, Sumu aje kukuzika?" Na Haki, kwa kauli nzito, neno moja baada ya jingine: "Sumu? Akionekana kwenye kaburi langu... mtoeni mbio." Waliokuwa chumbani wakacheka na kupiga makofi.

"Umeona?" mtoto akasema.

Sumu alikuwa ameona, ila si walichoona wao. Chini ya blanketi, kule mwisho wa kitanda, mguu ulikuwa umetikisika. Mara mbili, haraka haraka. Ukatulia. Kisha mara mbili tena.

"Rudisha nyuma," akamwambia kinyozi. "Nataka nisikie vizuri alivyonitukana."

Kinyozi akarudisha, anacheka. Mara mbili, haraka haraka. Mbili za haraka! Ingia sasa, nipige. Mzee yule, anakufa, mdomo umepinda, na bado anaendesha kipindi.

Binti akatokea kutoka ndani, kitambaa cheusi kichwani. "Kaka, mwache aingie. Mimi ndiye niliyemwita. Atasema dakika moja tu."

"Aseme nini? Amtukane baba?"

"Mwache aseme."

Walibishana kwa sauti za chini, kama watu wa familia wanavyobishana mbele ya wageni, na mwishowe kaka akasogea kando huku akimwambia Sumu sikioni kwamba akivuka mpaka atajua. Sumu hakumsikia vizuri. Alikuwa akigombana na mtu mwingine kabisa. Hata leo? alikuwa akimwambia yule aliye sandukuni. Hata leo unataka nikupige ili wakupende? Nimepigiwa pasi koti, nimefanya mazoezi ya neno moja, neno moja tu, nawe unanigonga mguu? Alikasirika kwelikweli. Kisha akalikumbuka lile gurudumu, na mikono yenye grisi, na jua la siku ile. Akasema moyoni: haya, bwana mkubwa. Wewe ndiye uliyekuwa unajua wakati.

Binti akampa kipaza sauti. Alimtazama usoni, macho yamefunguka wazi, kama mtoto anayesubiri kuambiwa jina la kitu.

"Nimekuja," Sumu akasema, na ile sauti ya puani ikatoka ikiwa nzima kama ya ujana, "kuhakikisha."

Watu wakanyoosha shingo.

"Miaka yote ile huyu mtu hakunyamaza hata ameze mate. Nilipoambiwa amenyamaza, nikasema siamini mpaka nione kwa macho yangu."

Nyuma kabisa, mtu mmoja akaanza: uuuu. Mwingine akadakia. Ikasambaa kati ya makaburi, ya chini, nzito, na ndani yake kulikuwa na kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Msinizomee mimi! Mzomeeni yeye. Amewaita kwenye jua kali hili, halafu mwenyewe amelala."

Sasa walikuwa wanapiga kelele kwelikweli. Wazee waliokuja na fimbo walizinyanyua. Na kutoka kwenye umati, sauti ya mama mmoja ikapaa: "Haki iko wapi?" Wote wakaipokea, mamia ya watu, wakubwa kwa wadogo: "Haki iko wapi, jamani? Haki iko wapi?"

Sumu akangoja. Alingoja kama alivyofundishwa, mpaka kelele ifike juu na ianze kushuka. Akachokonoa jino.

"Haki imo sandukuni. Ikitoka, tutawaita."

Lo! Umati ukapasuka. Watu waliosimama macho makavu tangu asubuhi wakalia kwa sauti, wakalitaja jina la marehemu, Haki! Haki! Haki!, wakapiga miguu chini mpaka vumbi likainuka, wakasonga mbele kuligusa sanduku. Hakuna mtangazaji aliyewahi kuagwa vile. Mtoto wa kiume akamfikia Sumu kwa hatua za mbio, akamkaba ukosi, akamburuta mpaka langoni huku watu wakishangilia, na mkono wa koti lililopigwa pasi ukachanika begani. Akamsukumia barabarani.

Sumu akakaa kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya lango, anahema, hana miwani, hana mkono wa koti. Na alikuwa na furaha. Nakwambia alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu jiko lile lifungwe. Tumeweza, alikuwa akisema. Umeona, bwana mkubwa? Tumewaweza.

Baada ya kaburi kufukiwa, binti alitoka peke yake. Alishika miwani na kile kipande cha koti. Alivuka barabara, akasimama mbele yake, asikae.

"Mama kabla hajafa aliniambia jambo," alisema. "Alisema kulikuwa na mtu aliyekuwa akija jikoni Jumapili, sisi tukipelekwa kwa bibi. Alisema, baba yako akienda, mtafute mtu huyo, ni ndugu yake. Akakutaja wewe. Kaka alisema ni homa, mama anaweweseka. Mimi sikujua nimwamini nani. Nikasema nitampa kipaza sauti, aseme mwenyewe."

Furaha ya Sumu ilitoka yote kwa pamoja, kama maji kwenye ndoo iliyopinduka.

"Ni kweli," akasema. "Mwanangu, ni kweli yote. Mama yako alikuwa akinimiminia chai katika kikombe cha bluu kilichovunjika mkono."

"Kila nyumba ina kikombe kilichovunjika mkono."

"Sikiliza. Baba yako ndiye aliyeniambia nifanye vile. Kwenye ile video. Mguu wake. Tulikuwa tukifanya kazi kwa miguu, chini ya meza, watu wasione. Akigonga mara mbili haraka haraka, maana yake niingie nimtukane. Aligonga! Tazama tena ile video, chini ya blanketi. Mbili za haraka, zikafuata mbili tena. Alikuwa akiniambia mimi."

Binti alimtazama. Uso wake ulibadilika, na kilichoingia usoni pale kilikuwa huruma. Heri angemtukana.

"Mguu wa kulia?" akauliza.

"Wa kulia."

"Mzee, ule mguu ulikuwa hivyo tangu alipopatwa na kiharusi. Ulikuwa ukirukaruka wenyewe, mchana na usiku. Daktari alisema ni mishipa. Nilikuwa nikiukandamiza kwa mto ili apate usingizi."

Sumu aliinama, akakitazama kiatu chake.

"Lakini aliposema mtoeni," akasema mwishowe, "ulikuwa mchezo. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa mchezo, sivyo?"

"Sijui." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwishoni alikuwa akikutukana hata tukiwa wawili tu chumbani. Alikuwa akisema, yule mtu asiniguse. Sijui kama alikuwa akiigiza, au alikuwa amesahau kwamba anaigiza. Nilidhani leo wewe ndiye ungenijulisha."

Gari lilipita. Alingoja lipite.

"Nilikuwa nimejiandaa kukuita baba mdogo," akasema. "Mbele ya watu wote wale."

"Niite sasa."

Alimwekea miwani mkononi, na kile kipande cha koti juu yake, taratibu, kama anavyowawekea watoto wake wa chekechea vitu vyao jioni.

"Kwaheri, mzee," akasema, akavuka barabara.

Hata hajafika langoni, kinyozi na kundi lake walikuwa wamekwisha kumzingira Sumu, wamejaa vumbi na jasho, macho mekundu kwa kulia, nyuso zinang'aa. Wakamshika mabega, wakamtikisa. Umetuua leo, Mzee Sumu! Umeturudisha ukumbini! Hata yeye huko aliko anakulaani! Kinyozi akanyoosha simu yake kubwa mbele ya wote.

"Kunja uso, mzee, kama zamani. Tupige picha."

Sumu hakukunja uso. Alimtazama kinyozi, akalitafuta lile neno alilolifanyia mazoezi mbele ya pasi ya dada yake, akalipata. Akalisema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye haya.

"Huyu alikuwa rafiki yangu."

Kinyozi alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamjia kutoka tumboni, kikamkunja, akashika ukuta asianguke.

"Sumu, bwana!" akasema alipopata pumzi. "Yaani wewe huachi! Jamani, njooni msikie! Njooni! Eti walikuwa marafiki!"

Likapokewa, likapita mdomo hadi mdomo kutoka ukutani hadi ng'ambo ya barabara, na kila lilipofika lilipokewa kwa kicheko na uuuu ndefu ya furaha. Binti wa marehemu alikuwa bado kwenye lango. Aliisikia kelele ile, akainamisha kichwa, akaingia ndani bila kugeuka.